Eti reli ni ya shaba tu? Treni na mahindi ya Katanga

Hapa Lubumbashi wengi wanaamini reli ni mali ya migodi na haimhusu mkulima. Ni kweli, reli iliyofika mjini mwaka 1910 kutoka kusini ilifuata madini. Lakini njia inayopanda kaskazini inapita Kamina na Kaniama hadi Mwene-Ditu, katikati ya nchi ya mahindi. Tusipopata mahindi hayo, tunategemea unga wa Zambia kupitia Kasumbalesa, na Zambia ikizuia mauzo ya nje, bukari, yaani ugali wetu, inapanda bei mezani kwa kila mtu.

Wengine husema reli yetu ni kisiwa. Hapana: upana kati ya vyuma vyake, milimita 1,067, ni ule ule wa Zambia na Angola, hivyo behewa linaweza kuvuka mpaka.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: treni inayotambaa haina faida, heri lori. Tazama Marekani. Sheria ya Staggers ya mwaka 1980 ilizirahisishia kampuni kubwa kuachana na njia ndogo za vijijini, na nyingi zilichukuliwa na kampuni ndogo. Leo reli fupi kama 600 zinafanya kazi huko, baadhi zikikusanya nafaka kwenye maghala ya vijijini na kuikabidhi kwa reli kubwa. Kwenye njia za daraja la chini kabisa, treni ya mizigo hairuhusiwi kuzidi kilomita 16 kwa saa! Bado zinaishi, kwa sababu behewa moja la nafaka hubeba mzigo wa malori matatu au manne, na mahindi makavu si nyanya, hayaozi njiani. Mwenye mahindi anachohitaji ni behewa kuja siku aliyoahidiwa. Mzigo wake ukilala stesheni wiki kadhaa, mvua na panya hula faida yote, hata kama treni ingekimbia namna gani. Kinachozibana reli hizo ni vyuma vyepesi na madaraja ya zamani, yasiyohimili behewa la kisasa linalofika tani 130 likijaa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tusubiri reli mpya kabisa. Mataruma yaliyooza yabadilishwe, kokoto zijazwe, mitaro izibuliwe kabla ya mvua, na kila stesheni ndogo kati ya Kamina na Kaniama ipate ghala kavu, mizani ya haki na ratiba iliyobandikwa ukutani.