Mashine Haikumfukuza Mfumaji kwa Siku Moja

Nimeisoma tena sentensi hii katika insha za wanafunzi, na safari hii nimeona niijibu kwa maandishi: James Watt aligundua mashine ya mvuke mwaka 1769, viwanda vikaanza, na mafundi wa mikono wakakosa kazi. Ninafundisha historia ya uchumi, na sentensi hiyo inaniudhi kwa sababu kila kipande chake kina kasoro, na kipande cha mwisho ndicho chenye kasoro kubwa zaidi.

Vipande viwili vya kwanza havihitaji maneno mengi. Thomas Newcomen alikuwa na mashine ya mvuke ya kuvuta maji migodini tangu mwaka 1712. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu juu ya ubunifu wake, aliyopata Watt mwaka 1769 ilihusu chombo cha pekee cha kupozea mvuke, ambacho kilipunguza sana matumizi ya makaa ya mawe. Kiwanda cha Richard Arkwright cha kusokota nyuzi za pamba pale Cromford, Uingereza, kilichojengwa mwaka 1771, kiliendeshwa kwa nguvu ya maji, na vingi vilivyofuata vilijengwa kandokando ya mito.

Sasa tuje kwa mafundi. Pamba husokotwa kuwa nyuzi, kisha nyuzi hufumwa kuwa kitambaa, na mashine zilianza kushika hatua ya kwanza peke yake. Kabla ya hapo mfumaji mmoja alihitaji nyuzi za wasokotaji kadhaa, na tangu John Kay alipobuni mwaka 1733 njia ya kurusha mshindio, yaani uzi unaopitishwa kukingama kitambaa, kwa kuvuta kamba, uhaba wa nyuzi ulizidi kuwa mkubwa. Mashine za James Hargreaves, Arkwright na Samuel Crompton zilipoumaliza uhaba huo, waliopoteza kazi kwanza walikuwa wanawake waliokuwa wakisokota majumbani, ambao vitabu vyetu vya shule huwapita bila hata kuwataja. Mfumaji, kinyume chake, alineemeka. Nyuzi zilikuwa tele na bei yake imeshuka, na vitanda vya mfumi, yaani mitambo ya mikono ya kufumia, vikaongezeka katika nyumba za Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mara nyingi katika vyumba vya chini ya ardhi, ambako unyevu ulisaidia nyuzi za mtande, zile zinazotandazwa kwa urefu wa kitambaa, zisikatike. Baba alifuma, na mtoto aliketi kando akizungusha nyuzi za mshindio kwenye vijiti. Kufikia miaka ya 1820 wafumaji wa pamba wa mikono nchini Uingereza wanakadiriwa kuwa zaidi ya 200,000. Kwa muda wa kizazi kizima, basi, mashine ya kusokota ilizidisha kazi ya mikono.

Hapo ndipo msomaji hunijibu kwamba mashine ya kufuma nayo ilikuja ikawamaliza. Ilikuja, ndiyo: Edmund Cartwright alipata hataza yake mwaka 1785. Lakini mashine hiyo ilikatakata nyuzi na kuhitaji marekebisho mengi, hata mwaka 1813 zilikuwa kama 2,400 tu nchini kote, na zilifikia takriban 100,000 mwaka 1833. Ulinganishe ukuaji huo na ujira. Huko Bolton, mji wa Lancashire, mfumaji aliyepata zaidi ya shilingi 20 kwa wiki mwanzoni mwa karne ya 19 alikuwa ameshaona sehemu kubwa ya ujira huo ikipotea kabla mashine za kufuma hazijawa nyingi. Ufumaji wa vitambaa vya kawaida ulifundishika kwa muda mfupi, kitanda cha mfumi kiliweza kukodishwa, na kila aliyekosa kazi kwingine aliingia humo, wakiwemo wahamiaji wa Ireland na askari walioachiwa baada ya vita dhidi ya Napoleon kumalizika mwaka 1815. Wafanyabiashara waliowagawia wafumaji nyuzi za kufuma majumbani wakapata watu walio tayari kufuma kwa malipo yoyote. Mashine ilimkuta mfumaji akiwa ameshadhoofika.

Kwa nini hakuhamia kiwandani? Vitabu hujibu kwa uhakika ambao ushahidi hauuruhusu. Wako waliochukia kengele na msimamizi, kwa kuwa mtu aliyezoea kupanga saa zake nyumbani aliuona utaratibu wa kiwanda kuwa aina ya utumwa. Wako pia ambao hawakutakiwa, maana wenye viwanda walipendelea wanawake na vijana, waliolipwa kidogo. Sababu ipi ilikuwa na uzito zaidi, wanahistoria wanabishana hadi leo, na mwanafunzi anayeandika moja tu amejidanganya.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba sentensi ile inaifanya mashine itende peke yake, kana kwamba hakukuwa na watu wenye mamlaka ya kuamua vinginevyo. Wafumaji waliliomba Bunge kima cha chini cha ujira, na mswada wa mwaka 1808 ukakataliwa. Wafumaji wa Manchester wakagoma. Mwaka 1834 na 1835 kamati ya Bunge iliwasikiliza wafumaji wenyewe, ikapokea ushahidi wa njaa na madeni, na mswada wa mbunge John Maxwell wa kupanga ujira ukaletwa. Bunge likaukataa pia. Kufikia mwaka 1850 wafumaji wa pamba wa mikono walikuwa wamebaki makumi machache ya maelfu, wengi wao wazee, na baadhi yao wakitunzwa kwa ujira wa binti zao walioajiriwa viwandani.