"Haelewi kitu huyo": si kweli

Mzazi anapougua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, watu husema mtoto wake mwenye ulemavu wa akili hana habari, kwa hiyo haumii. Si kweli. Kuhisi hakungoji kuelewa. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick alionyesha kwamba hata mtoto wa miezi michache, mama akimtazama kwa uso mkavu, usioonyesha hisia yoyote, kwa dakika chache tu, huhangaika, hujaribu kumrudisha, kisha hugeukia pembeni. Na mtoto huyo hajui neno hata moja!

Anachokosa mtoto mwenye ulemavu wa akili mara nyingi ni maneno, si huzuni. Huzuni yake hutokea kwingine: halali, anajipiga, anasusa chakula, anaanza tena kukojoa kitandani. Hapo ndipo tunapomkosea zaidi, maana kila dalili husukumiwa ulemavu wake: "ndivyo alivyo". Tabia ikibadilika ghafla, tafuteni sababu, maumivu ya jino au sikio yakiwemo.

Mwambieni ukweli kwa sentensi fupi, hata kwa picha: "Mama anaumwa. Si kosa lako. Leo baba atakuogesha." Kesho mrudieni kwa maneno yaleyale. Mzazi naye apelekwe kutibiwa, bila lawama.