Msiba Umetokea, Usaili ni Kesho: Ufanye Nini?

Baba yake alifariki usiku wa Jumapili, Kasulu. Usaili wake wa kuandika ulikuwa Jumanne saa 2:00 asubuhi, Dodoma. Alfajiri ya Jumatatu kijana akapanda basi la Kigoma, akamzika mzazi wake, akakaa matanga, na wiki iliyofuata akaja kwenye ofisi yetu ya ushauri wa ajira hapa chuoni. Alikuwa na picha za kaburi kwenye simu na swali moja: "Mwalimu, speshali yangu itakuwa lini?"

Nilimpa pole, kisha nikamuuliza alimwandikia nani kabla ya Jumanne ile saa mbili. Hakumwandikia mtu. Kwenye orodha ya wasailiwa jina lake lilipata alama ileile anayopata aliyepitiwa na usingizi: hakufika.

Naandika kwa ajili yake, na kwa wahitimu wengine ambao hukaa kwenye kiti kilekile kila mwaka wakiwa na kadi ya hospitali au kibali cha kuzikia mkononi, wamechelewa siku tatu, wiki, wakati mwingine mwezi.

Neno lenyewe "speshali" ndilo linaloanza kuwaponza. Chuoni mwanafunzi akiugua, kanuni za mitihani zinampa njia: anaomba kuahirisha, akikubaliwa anafanya mtihani maalumu baadaye. Tumewazoesha hivyo kwa miaka mitatu au minne, na sioni ajabu wakitoka mlangoni wakidhani dunia yote iko hivyo. Usaili wa ajira hauko hivyo. Ni mashindano ya nafasi chache, na tangazo la kuitwa kwenye usaili la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma humtaka kila msailiwa azingatie tarehe, muda na mahali alipopangiwa, na ajigharamie usafiri, chakula na malazi.

Wengine huniuliza, mbona sheria ya kazi inatambua msiba? Inautambua kweli. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinampa mwajiriwa walau siku 4 zenye malipo mtoto wake akiugua au kufariki, au akifiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Lakini hiyo ni haki ya aliyekwisha kuajiriwa. Wewe unayeomba bado uko nje ya uzio. Kwako kubadilishiwa tarehe ni ombi, na mwajiri anaweza kulikataa bila kuvunja kifungu hicho. Hili ndilo jambo ambalo wahitimu wengi hawajaambiwa, na ndiyo maana wanakaa kimya wakidhani haki yao inawasubiri.

Ugumu wa kuhamisha tarehe una sababu. Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 na ikapata waombaji zaidi ya laki moja. Kwa wingi wa namna hiyo, mtihani unafanyika kwa pamoja ili maswali yasivuje. Anayefanya kesho atakuwa amekwisha kusikia ya jana, hivyo kumrudisha mmoja ni kumtungia karatasi yake peke yake, kisha kueleza kwa wengine wote kwa nini karatasi yake ni ya haki sawa na yao. Karatasi moja, siku moja, mkupuo mmoja: hapo uwezekano wa kuhamishwa ni mdogo sana, nami siwezi kukuficha.

Ila si kila usaili uko hivyo. Unapofanyika kwa kompyuta kwa mikupuo kadhaa, aliyepangiwa asubuhi anaweza kusogezwa mchana au siku inayofuata akiomba mapema. Usaili wa mahojiano una nafasi zaidi, kwa sababu jopo linaweza kukaa siku mbili tatu kwa kada moja, na kubadilishana zamu kati ya wasailiwa wawili hakuharibu kitu. Benki, migodi na mashirika binafsi wana uhuru mkubwa zaidi. Afisa rasilimali watu mmoja anaweza kuamua kwa jibu la mistari miwili. Kwa hiyo kabla hujakata tamaa, soma tangazo lako uone ni usaili wa aina gani.

Kinacholibeba ombi, kuliko kitu kingine chochote, ni saa lilipofika. Ombi la jioni ya kuamkia usaili linasomwa kama taarifa ya mtu anayejali. La kesho yake linasomwa kama kisingizio, hata likiwa la kweli kabisa. Usisubiri nyaraka. Tuma taarifa kwanza, vielelezo vitafuata. Itume kwa anwani iliyo kwenye tangazo au kwa njia ya mawasiliano iliyotolewa humo, si kwa namba binafsi ya afisa uliyepewa na rafiki. Kama umezidiwa kitandani, au msiba umekushika hata kuandika huwezi, mwambie ndugu aandike kwa niaba yako, ataje jina lako kama lilivyo kwenye vyeti na namba yako ya usaili. Hifadhi picha ya skrini inayoonyesha saa ya kutuma.

Kuhusu maneno yenyewe, nimeona barua za kurasa mbili zinazoanza na maisha ya utotoni. Hazisaidii. Mfano huu unatosha:

"YAH: OMBI LA KUPANGIWA MUDA MWINGINE WA USAILI WA KUANDIKA, KADA YA AFISA HESABU DARAJA LA II. Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni msailiwa mwenye namba iliyotajwa hapa chini, niliyepangiwa kufanya usaili tarehe 14, saa 2:00 asubuhi, kituo cha Dodoma. Nimelazwa tangu jana usiku na daktari ameagiza nibaki wodini kwa siku tatu. Naomba kupangiwa mkupuo mwingine wowote kuanzia tarehe 17, katika kituo chochote mtakachoelekeza. Barua ya daktari nitaiwasilisha leo kabla ya saa 10:00 jioni. Nipo tayari kutoa maelezo zaidi kwa simu."

Angalia sentensi ile ya "mkupuo mwingine wowote, kituo chochote". Anayesoma anataka njia rahisi ya kukusaidia, na hapo umempa. Anayeandika "naomba mnifikirie" anamwachia afisa kazi yote ya kufikiri, na afisa huyo ana mamia ya barua pepe.

Sasa vielelezo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo maombi mengi mazuri yanapofia. Siku moja binti aliniletea cheti cha hospitali kilichoandikwa: "Alihudhuria kliniki, ametibiwa malaria." Kimegongwa mhuri, kimesainiwa, na tarehe yake ni siku mbili baada ya usaili. Kila neno lilikuwa kweli, lakini hakikuthibitisha chochote kuhusu asubuhi ile ya usaili. Barua inayofaa inasema ulionwa lini, na kwamba kuanzia tarehe fulani hadi fulani huwezi kusafiri au kukaa kwenye chumba cha mtihani. Fomu ya mapumziko, ile tunayoita ED, inakaribia kusema hivyo kwa sababu ina idadi ya siku. Mwambie daktari barua ni ya nini kabla hajaanza kuandika. Wengi wataelewa mara moja.

Wala si lazima barua itaje ugonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na afisa wa usaili anachohitaji kujua ni kwamba ulishindwa kufika, si kilicho ndani ya faili lako. Nimewahi kuona dada aliyeharibikiwa mimba akilazimika, kwa kudhani ndivyo inavyotakiwa, kuwaeleza watu asiowajua jambo ambalo hata mama yake alikuwa hajamwambia. Haikuwa lazima.

Kwa msiba, kibali cha kuzikia hupatikana mapema kuliko cheti cha kifo cha RITA, ambacho kinaweza kufuata baadaye. Aliyefia nyumbani kijijini, barua ya mtendaji wa kijiji yenye mhuri inatosha kuanzia. Iombe siku hiyohiyo, wakati mtendaji yupo msibani, na uhakikishe imeandikwa uhusiano wako na marehemu. Mtoto akiugua, kadi yake peke yake haitoshi. Omba barua inayokutaja wewe kama mwangalizi wa mgonjwa. Ajali ya barabarani ina PF3 ya polisi, yenye tarehe. Basi kuharibika njiani kuna uzito mdogo zaidi. Tunza tiketi, piga picha, toa taarifa ukiwa bado barabarani.

Mjamzito aliyekaribia kujifungua, mwenye selimundu, mwenye kisukari au mwenye ulemavu mara nyingi hahitaji tarehe nyingine. Anahitaji kiti karibu na mlango, ruhusa ya kwenda msalani, maji na dawa mezani, maandishi makubwa, au nafasi ya kumnyonyesha mtoto kabla ya kuingia. Haya yaombwe mara tu tangazo likitoka. Kifungu cha 7 cha sheria ileile ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya ujauzito, ulemavu au majukumu ya familia, na hapo sheria inamhesabu hata mwombaji kazi. Ombi la mpangilio wa ndani ya chumba lina nguvu kuliko la kuhamisha siku, nami humshauri mtu aanze nalo.

Kuna wanaoniuliza kama waende wakiwa na homa. Kama unaweza kukaa na kusoma swali ukalielewa, nenda. Kama huwezi, usiende kujaribu, kwa sababu ukishaketi na kuanza kujibu utakuwa umefanya usaili, na kudai baadaye kuwa ulikuwa mgonjwa hakutasikilizwa. Amua kabla ya kuingia, na kama umeamua kutoingia, tuma ile taarifa.

Usimtume mtu akufanyie. Usinunue cheti cha daktari. Kughushi waraka na kuutumia ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na hospitali ikipigiwa simu kuthibitisha, uongo unajulikana siku hiyohiyo. Halafu kuna vishoka wanaokaa kwenye makundi ya WhatsApp ya waombaji kazi, wanaodai wana mtu ndani wa kukubadilishia tarehe kwa "hela ya vocha". Kupangiwa mkupuo mwingine hakulipiwi. Anayekudai fedha, ripoti TAKUKURU kwa namba 113, haina malipo.

Yule kijana wa Kasulu tuliandika naye barua, tukaambatanisha kibali cha kuzikia na barua ya mtendaji. Jibu lilikuja: usaili umekwisha fanyika, aombe tena nafasi zitakapotangazwa. Aliomba tena. Alipoitwa, alipita ofisini kuniaga, akanionyesha simu yake. Kwenye rasimu za barua pepe kulikuwa na ombi kamili: jina, namba ya usaili, kada, kituo, anwani ya kutuma. Nafasi ya sababu aliiacha wazi, na dada yake wa Kigoma alikuwa na nakala yake.