Protini za utando na NMR ya yabisi: soma hii kabla hujalalamika sampuli yako imerudishwa

Toka tubadilishe utaratibu wa kupokea sampuli za NMR ya yabisi (NMR ni Nuclear Magnetic Resonance, kusikiliza viini vya atomu kwa sumaku kubwa na mawimbi ya redio), malalamiko yamekuwa mengi na karibu yote yanaanza vilevile: nimeleta protini safi kabisa, mmeikataa. Ndo maana nimeombwa niandike. Naongea kama mtu wa mashine tu, kwenye mambo ya nafasi na adhabu kauli ya mwisho ni ya mwongozo uliosainiwa, hapa naelezea kwa lugha ya kawaida. Na najua wengi wenu mnakuja kwa nia njema.

Usafi wa protini sio ugomvi wetu. Tunachouliza ni imekaa ndani ya nini. Protini ya utando wa seli imezoea kuishi kwenye mafuta, tabaka mbili za lipidi, maji huku na maji kule, ukiitoa humo kwa sabuni kama DDM umeipata safi ndio lakini umeihamisha kutoka kwao. Wenzetu wa NMR ya kimiminika wanaivumilia hiyo sabuni kwa sababu kule molekuli lazima igeukegeuke yenyewe haraka ndani ya maji ndo mistari ya spektra (mchoro wa signali tunazopokea) iwe myembamba, na protini iliyozama kwenye kipande kizima cha utando haigeuki vya kutosha, mistari inatanuka mpaka inapotea. Sisi hatuhitaji igeuke, tunaizungusha wenyewe. Sampuli inashindiliwa kwenye rota, yaani kimrija kidogo cha kauri ya zirkonia, rota inainamishwa digrii 54.74 kutoka kwenye uelekeo wa sumaku, inapulizwa na hewa, inazunguka. Kwenye pembe hiyo kosaini mraba mara tatu ukitoa moja inakuwa sifuri, na ule utanuzi unaotokana na mwelekeo wa kila molekuli unafutika. Hii imejulikana toka 1958 na 1959, Andrew na wenzake upande mmoja, Lowe upande mwingine, sio habari mpya. Sasa umepata mashine inayokuruhusu kuisikiliza protini ikiwa kwao, halafu unaniletea imeelea kwenye sabuni?

Atakayesema hayo ni maringo ya mtaalamu tu, aangalie kesi ya M2 ya virusi vya mafua A. Hiyo ni protini ndogo, amino asidi 97, nne zinashikana zinatengeneza tundu la kupitisha protoni (viini vya hidrojeni), na dawa ya amantadine ilikuwa inalizuia. Mwaka 2008 jarida la Nature lilitoa makala mbili kwa pamoja: waliotumia fuwele na eksirei wakasema dawa inakaa ndani ya tundu, waliotumia NMR ya kimiminika, protini ikiwa kwenye vijitone vya aina ya sabuni, wakaiona dawa ya familia hiyohiyo imejibandika kwa nje. Mabishano hayo! Mwaka 2010 kundi la Mei Hong likaweka kipande cha M2 kwenye tabaka za lipidi ya DMPC, likachukua amantadine yenye deuteriamu (hidrojeni nzito), likapima umbali kutoka kwenye dawa mpaka kwenye kaboni-13 za protini. Dawa ilikuwa ndani ya tundu, karibu na serini, amino asidi ya 31 kwenye mnyororo, na ile sehemu ya nje ilipata dawa pale tu dawa ilipozidishwa. Serini hiyohiyo ikibadilika kuwa asparajini dawa haifanyi kazi tena. Kwa hiyo tukikuuliza ni lipidi gani umetumia hatukusumbui.

Halafu kuna hili neno yabisi. Hili ndo linanichosha kuliko yote. Mtu akisikia yabisi anaenda kuigandisha sampuli, anaikausha kwenye vakyumu mpaka imekuwa unga, anatuletea unga kwa furaha kabisa. Jamani. Protini iliyokaushwa kila molekuli inajikunja kivyake kidogo na spektra inakuwa mlima mmoja mpana usiosomeka. Tukisema yabisi maana yake haigeukigeuki kwa haraka, basi, hatujasema iwe kavu. Sampuli nzuri imelowa, nzito kama dawa ya meno, imetoka kwenye sentrifuji ya kasi kubwa na maji yake bado yamo. Unga wa protini ya utando unarudishwa siku hiyohiyo, bila mjadala.

Na nyuklia kwenye jina ni kiini cha atomu, sio mionzi. Kaboni-13 na naitrojeni-15 ni isotopu tulivu, yaani atomu zilezile zenye uzito tofauti kidogo, hazioozi, hazihitaji kibali cha mionzi wala boksi la madini ya risasi. Naomba tusirudie tena hili.

Zinahitajika kwa sababu kaboni ya kawaida, ile 12, kiini chake hakina spini (ile tabia ya kiini kuwa kama kijisumaku), hatuisikii kabisa, na 13 kwa asili ni asilimia 1.1 tu, naitrojeni-15 ndo kabisa asilimia 0.37. Kwa hiyo bakteria wanalishwa glukosi ya kaboni-13 na chumvi ya amonia yenye naitrojeni-15, wanajenga protini yote kwa hizo. Ukija na protini isiyo na isotopu kwa matumaini kwamba tutaiacha mashine wikiendi nzima, hesabu ndo hii: kuongeza ubora wa signali dhidi ya kelele mara mbili unahitaji muda mara nne, kuongeza mara kumi unahitaji muda mara mia. Jaribio la siku 3 linakuwa siku 300. Wikiendi haitoshi.

Kiasi nacho kinategemea rota. Ile ya milimita 3.2 inabeba kama mikrolita 30 na inazunguka mpaka kilohezi 24 hivi (mizunguko elfu 24 kwa sekunde), ya 1.3 inataka miligramu 2 au 3 na inafika 60 na kitu, ya 0.7 inatosheka na kama nusu miligramu na inavuka kilohezi 100, yaani zaidi ya mizunguko milioni 6 kwa dakika. Kwenye kasi hiyo tunaweza kusikiliza protoni moja kwa moja, zenye signali kubwa kuliko kaboni, ndo maana kiasi kidogo kinafaa. Ila kumbuka nafasi kwenye rota ni ileile, lipidi zikizidi umejaza mafuta na protini ni ya kubahatisha, zikipungua sana protini inaganda mabonge. Ndo maana fomu inauliza uwiano wa lipidi kwa protini na ndo maana kuandika "wa kawaida" hapo hakukubaliki.

Chumvi ipunguze. Mawimbi ya redio yanapasha joto sampuli yenye chumvi nyingi, kuzunguka nako kunapasha, na protini yako inaweza kupikwa wakati kipimajoto cha nje kinaonyesha yote sawa. Joto la ndani tunalisoma kwenye signali ya maji. DMPC peke yake inayeyuka kama digrii 24, chini ya hapo utando ni mgumu, juu yake ni laini, na spektra za pande hizo mbili hazifanani, kwa hiyo usiniandikie tu "joto la chumbani".

Sasa utaratibu. Fomu inajazwa kabla ya sampuli kufika, sio baada. Sampuli inakuja kwenye barafu, kwenye kijichupa chenye lebo inayofanana na fomu, herufi kwa herufi. Kujaza rota tunafanya pamoja, wewe au mwenzako unayemwamini awepo, kwa sababu tukijaza sisi peke yetu baadae inasemekana tumeimwaga. Inashindiliwa kwenye sentrifuji kidogo kidogo, isibaki hewa, ukingo unapanguswa ukauke, kifuniko kinaingizwa wima. Kisha jaribio la kuzungusha nje ya sumaku, kasi inapandishwa taratibu. Ikiyumba inasimamishwa, inajazwa upya, ikiyumba mara ya pili inaondolewa na muda wako unapewa anayefuata. Ukijaza kwako na kuleta rota tayari, tunakubali, lakini unasaini kipengele cha 6, kwamba ikipasuka ndani ya probu (sehemu ya mashine inayoshika rota ndani ya sumaku) kwa sababu ya ujazaji wako, matengenezo ni yako, muda wote uliobaki umefutwa, na ombi linalofuata linaanza mwisho wa foleni. Kipengele cha 6 kinasainiwa na kiongozi wa mradi. Sahihi ya mwanafunzi haitoshi, na sahihi iliyopigwa picha kwa simu pia haitoshi, tumeshaelezea. Ukichelewa saa moja bila taarifa nafasi inapita. Ukichelewa na taarifa inapita vilevile, ila haihesabiwi kama kosa.

Kwenye chumba cha sumaku mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo haingii, hata kama sumaku imekaa kimya, sumaku hizi hazizimwi. King'ora cha oksijeni kikilia acha kila kitu utoke, heliamu ya kimiminika inayopoza sumaku ikichemka inageuka gesi yenye ujazo mara mia saba na zaidi na inasukuma hewa nje ya chumba. Usirudi kuchukua laptopu.

Na yule aliyeacha rota mbili za milimita 3.2 kwenye friji ya chini bila lebo aje azichukue. Hatujui ndani kuna nini, hatuwezi kuzizungusha, na kifuniko cha moja kimeanza kutoka.