Besi ya gari: anza na boksi na waya kabla hujanunua wati

Karibu kila anayekuja kwangu kutaka besi anaanza na namba. Fundi niwekee ile ya wati 1000, mwengine anataka 2000, mwengine anakuja na katoni kabisa imeandikwa 3800 na pesa ashatoa. Mimi namwambia ndugu yangu hebu itoe humo tutizame fyuzi kwanza. Amplifaya nyingi zina fyuzi ubavuni pale waya za moto zinapoingia, na hapo ndo utajua ukweli wake. Ikiwa fyuzi ni ya ampea 30, piga 30 mara volti 13.8 ambazo gari linatoa injini ikiwa inanguruma, unapata wati 414 zinazoingia, alafu amplifaya ya klasi D inapoteza kama asilimia 20 ikawa joto, kwa hivo zinazofika kwa wufa, ile spika kubwa ya besi, ni 330 hivi. Zile 3800 haziwezi kutoka manake hazikuingia. Ikiwa ni klasi AB ndo kabisa, hesabu nusu ya zilizoingia au zaidi kidogo.

Na wallahi 330 za kweli si haba kwa gari dogo. Watu hawaambiwi hili dukani: ukizidisha wati mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu, sikio linasikia tofauti lakini ndogo, na ili usikie kama sauti imekuwa mara mbili unahitaji desibeli kama 10, yani wati mara kumi. Kwa hivo ukitoka 300 ukaenda 600 umelipa pesa nyingi kwa kitu kidogo, na hizo desibeli 3, saa ingine na zaidi, mara nyingi ziko pale pale ndani ya gari lako zinapotea bure. Ukinunua amplifaya tafuta neno RMS, yani wati inazotoa mfululizo, na kama imeandikwa CEA-2006, kiwango cha kupimia amplifaya, hiyo namba unaweza kuiamini, manake imepimwa kwa volti 14.4, omu 4 (ukinzani wa spika), na sauti haijaharibika zaidi ya asilimia 1.

Sasa kabla hujatoa hata shilingi, kuna jaribio. Hizi Probox na Vitz zetu zimekuja na redio ya Japani ambayo stesheni zetu nyingi haishiki, kwa hivo mtu wa kwanza kulimiliki alibadilisha redio, na aliyeibadilisha pengine alisokota waya akafunga selotepu nyeusi basi. Hapo ni rahisi sana chanya na hasi ya mlango mmoja kugeuzwa. Ikiwa hivo, spika ya kushoto inasukuma hewa wakati ya kulia inavuta, na besi zinauana katikati kabla hazijakufikia. Weka wimbo wenye besi nzito, peleka sauti yote mbele, alafu badilisha zile waya mbili za mlango mmoja tu. Besi ikijaa, ushapona. Ikipungua, rudisha ilivokuwa. Nimeona watu wakitaka kununua wufa na shida yao ilikuwa hii tu.

Baada ya hapo milango yenyewe. Mlango wa gari umejaa matundu ndani, na spika ikipiga, hewa ya nyuma inapita kwenye yale matundu inakutana na ya mbele zinafutana. Ziba matundu makubwa, bandika shiti za butili (mpira unaonata) kwenye bati, na spika ikae kwenye ringi ya mbao au plastiki ngumu isiyocheza. Lakini tafadhali usitumie ile shiti ya lami ya kuzibia paa ati kwa sababu ni rahisi. Gari likiegeshwa juani Mwembe Tayari hapa Mombasa kuanzia asubuhi, ndani kunapita nyuzi 50 bila shida, ile lami inalainika, inanuka, inateremka mpaka kwenye mota ya kioo. Na vitundu vya chini kabisa vya mlango viache wazi, ndo njia ya maji ya mvua kutokea.

Haya, tuje kwenye boksi, na hapa ntakaa manake ndo penyewe. Wufa bila boksi sahihi ni kelele tu, na wufa ya bei ya kawaida kwenye boksi lililopigiwa hesabu inashinda ya bei ghali kwenye boksi la kuokota. Hesabu zenyewe si za kubahatisha, Neville Thiele wa Australia alichapisha mwaka 1961 hesabu za maboksi ya tundu, yani yenye paipu ya kupitisha hewa nje, na Richard Small akaziendeleza miaka ya 70, ndo maana kwenye karatasi ya wufa utaona Fs (mtetemo wake wa asili), Qts (inavojizuia kutetemeka) na Vas (ulaini wake ukihesabiwa kwa lita za hewa). Kwa ufupi Qts ikiwa chini ya 0.4 hiyo wufa inapenda boksi la tundu, ikiwa kati ya 0.4 na 0.7 inapenda boksi lililofungwa kabisa. Kama duka halina hiyo karatasi mimi siinunui hiyo wufa.

Wufa ya inchi 12 ikifungwa inatosheka na lita kama 28, ya tundu inataka kama mara mbili yake. Kujua lita ni rahisi, pima ndani kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 1000. Tuseme ndani ni 60 kwa 35 kwa 30, hiyo ni lita 63, toa nafasi ya wufa yenyewe na mbao za kukaza na paipu, unabaki na 57 hivi. Ukiweka paipu moja ya PVC ya inchi 4, ile ile ya mafundi bomba, urefu sentimita 28, boksi linaimba kwenye hezi 34 (mitetemo 34 kwa sekunde), na hapo ni pazuri sana kwa reggae na dancehall. Sasa mtu anaona paipu moja imeleta besi, anasema ngoja niongeze ya pili urefu ule ule. Boksi linaruka mpaka hezi 48, chini yake kunakufa, na kila wimbo unasikia noti moja ile ile dum dum dum. Ukitaka paipu mbili kila moja lazima irefushwe zaidi ya mara mbili, na kwenye boksi la ukubwa huo haienei, kwa hivo unatengeneza tundu la mbao linalokunja kona. Na kumbuka boksi la tundu, chini ya pale linapoimba wufa inakuwa haina kitu cha kuishika, inaruka hovyo mpaka inapasuka, washa ile filta ya kukata chini kwenye amplifaya, karibu hezi 27.

Boksi lililofungwa watu wanalidharau na mimi nalipenda. Wimbi la hezi 41, yani uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa mtupu, lina urefu wa mita 8 na nusu, gari lenyewe halifiki hapo, na wimbi likishakuwa refu kuliko nafasi, ile kebini ndogo inaanza kulibana na kulipandisha lenyewe, kuanzia hezi 60 au 70 kushuka. Boksi lililofungwa linashuka taratibu pale pale ambapo gari linapandisha, kwa hivo vinakutana vizuri. Ukisikiliza taarabu au bango, ule muziki wetu wa pwani, utamsikia mpiga besi anavotembea noti kwa noti. Kwa matatu inayotaka kusikika mpaka nje nafunga la tundu, kwa mwenye gari lake anayeenda Mtwapa na familia nafunga lililofungwa, na wengi hawarudi kubadilisha.

Mbao: MDF (ile mbao ya unga wa mbao uliogandishwa) ya milimita 18 inafanya kazi nzuri popote duniani, lakini hapa Mombasa hewa ina maji mwaka mzima na buti la gari nyingi linavuja kidogo mwezi wa tano. MDF ikinywa maji inafura kama mandazi na kona zinaachia. Mimi natumia plaiwudi ya marine, na mteja akitaka MDF basi napaka rangi ndani na nje na nazishibisha gundi zile kingo zilizokatwa, manake hapo ndo inaponywea.

Waya sasa. Kuna waya mnene una rangi nzuri ya shaba kumbe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, wanaiita CCA. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe, ndo hiyo. Inapitisha umeme vibaya kuliko shaba na kwenye hewa yetu ya chumvi zile ncha zinaota unga mweupe baada ya muda, hasa gari linalovuka feri ya Likoni kila siku. Amplifaya ya wati 500 RMS inavuta kama ampea 45, na kutoka betri mpaka buti ni kama mita 5. Shaba ya geji 4 (geji ni unene wa waya, namba ndogo ndo waya mnene) utapoteza chini ya robo volti. Ukiweka geji 8 unapoteza karibu nusu volti, na ikiwa CCA ni kama robo tatu, na hiyo ni kabla hujahesabu graundi, ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bati la gari. Graundi kwaruza rangi mpaka bati ling'ae, kaza kwa boliti, alafu paka grisi juu chumvi isiingie. Na fyuzi ya waya mkuu ikae karibu na betri, isipite sentimita 45, tafadhali sana. Ule waya unapita chini ya zulia na miguu ya watoto, ukikwaruzwa na bati bila fyuzi gari linawaka moto, na hapo hakuna cha kuzima kwa swichi.

Taa zikififia kila besi ikipiga, watu wanakimbilia kapasita. Kapasita haizalishi umeme, inakopesha kidogo tu kisha inataka kulipwa. Anza kwa kunenepesha waya tatu: altaneta kwenda betri, hasi ya betri kwenda bodi, injini kwenda bodi. Alafu pima volti pale kwenye amplifaya muziki ukiwa juu. Ikishuka chini ya 12 injini ikiwa inanguruma, punguza wati au tafuta altaneta kubwa.

Ile nobu ya geini si ya sauti, ni ya kuoanisha redio na amplifaya. Toa waya za wufa, redio iweke robo tatu, besi busti zote zima, cheza toni ya hezi 50, pima volti za AC pale inapotoka. Kwa wati 300 kwenye omu 4 unataka volti 34 hivi (300 mara 4, alafu kipeuo cha pili chake), zikifika hapo acha. Ukizidi, mawimbi yanakatwa vichwa, koili inapata moto bila kupumua, na ile harufu ya vanishi iliyoungua ukishaisikia wufa imekwenda.

Mwisho wa kufunga, wufa ikate juu ya hezi 80, milango ikate chini ya 80, alafu kaa kiti cha dereva mtu abonyeze ile swichi ya fezi (inayogeuza chanya na hasi ya wufa) huku na huku, acha pale besi inaposikika imetoka mbele kwenye dashibodi. Kisha toka nje uzunguke gari na muziki ukiwa juu, usikilize kinachotetemeka. Mara nyingi ni kibati cha namba cha nyuma. Weka ukanda wa sponji nyuma yake, kaza skrubu zote mbili, na gurudumu la akiba ulitizame pia kama limefungwa.