Je, wajua kwa nini wapangaji wengi wa muziki wa jazz walikuwa wapiga piano?

Kaa mbele ya kikundi cha taarab asilia, tuseme Ikhwani Safaa kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, usikilize fidla zinapojibu ubeti. Ziko kadhaa, lakini zote zinafuata sauti moja, kila mpigaji akitia madoido yake. Sasa sikiliza bendi kubwa ya jazz ya Marekani ya miaka ya 1930. Saksafoni nne zinaingia pamoja, ila kila moja imeshika noti yake, na hapo ndipo inapotoka ile sauti nene iliyoshiba. Lazima yuko mtu aliyekaa akazigawa noti hizo. Huyo ndiye mpangaji. Fuatilia majina: Fletcher Henderson, Duke Ellington, Billy Strayhorn, Mary Lou Williams. Wote wapiga piano.

Sababu iko mikononi. Tarumbeta hutoa noti moja kwa wakati. Mpiga piano ana vidole kumi na vibonyezo 88 mbele ya macho yake, vya chini kushoto, vya juu kulia. Mkono wa kushoto unaweza kuwa tromboni, wa kulia ukawa saksafoni, akasikia bendi nzima chumbani peke yake kabla hajamwita mtu. Ikiwa noti mbili zinagombana, anazijua palepale.

Mary Lou Williams, aliyezaliwa mwaka 1910, ndiye mfano ninaoupenda kuliko wote. Alipoanza kuipangia bendi ya Andy Kirk hakujua kuandika muziki. Alikuwa akibonyeza noti kwenye piano na Kirk akiziandika, mpaka akajifunza mwenyewe. Baadaye Benny Goodman na Ellington walipiga muziki alioupanga yeye, na miaka yake ya mwisho, kuanzia 1977 hadi alipofariki 1981, alifundisha katika Chuo Kikuu cha Duke. Msichana aliyejifunza kwa kusikiliza tu!

Basi mbona kwetu piano haikukamata nafasi hiyo? Kwanza, taarab haikuhitaji mtu wa kugawa noti. Utamu wake uko katika sauti yenyewe inavyozunguka na kurudi. Pili, na hili ndilo kubwa, kuna noti ambazo piano haina. Maqamu, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu ambayo taarab huitumia, ni mengi; ile ya Rasti ina noti inayokaa katikati ya vibonyezo viwili vinavyofuatana. Udi na fidla huipata kwa kidole, kwa kuwa shingo zake hazina vizuizi. Ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, huipata kwa visu vidogo vya chuma vilivyo pembeni: mpigaji anakiinua au kukilaza kimoja, sehemu ya nyuzi inayotetema inafupishwa au kurefushwa kidogo, na noti imekaa mahali pake. Piano ya kawaida ikishasawazishwa sauti zake, mpigaji hawezi kuzibadilisha. Vinanda vya umeme vinaweza kushusha noti kwa robo toni, na hilo limevifaa sana vikundi vya taarab ya kisasa.

Kwa hiyo mpiga piano wa jazz akikaa na mpiga ganuni, swali la kwanza ni maqamu gani. Ajamu na Nahawandi zinaingia kwenye piano bila tabu, chodi zote (noti zinazopigwa pamoja) zikapatikana. Ikifika Rasti au Bayati, piano hushika besi na mapigo, ikaiachia ganuni ile noti ya katikati.