Je, wajua bao linafikaje kwenye simu yako kabla hujauliza?

Uko ndani ya daladala, Simba na Yanga wanacheza kwa Mkapa, na bando lililobaki halitoshi kutazama video. Umefungua ukurasa wa matokeo tu. Unasoma 0–0. Hujagusa kioo, hujafungua ukurasa upya, na ghafla sifuri moja inageuka 1 (sisemi ya nani). Nani ameiambia simu? Tufuatilie njia hiyo, mpaka tufike kwenye Socket.IO, maktaba ya programu (msimbo ulioandikwa tayari) inayofanya kazi hii.

Utasema seva, ile kompyuta yenye ukurasa wenyewe, imetuma. Sawa, lakini kwa desturi za wavuti hilo ni jambo ambalo seva haikuzaliwa nalo. HTTP, itifaki (kanuni za mawasiliano) aliyoibuni Tim Berners-Lee kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina adabu ya upande mmoja: kivinjari ndicho kinachopiga hodi. Seva huitikia, hutoa ilichoombwa, basi. Haina mazoea ya kutoka nje kumtafuta mgeni wa jana ili impe habari za leo. Na hata ingetaka, simu yako haifikiki kirahisi. Ukiwa kwenye data, mara nyingi unachangia anwani moja ya intaneti na wateja wengine wengi, na anayegonga kutoka nje bila kuitwa hataonyeshwa mlango wa nani. Kwa hiyo mazungumzo sharti uyaanze wewe. Kazi ni kuyaacha wazi yakishaanza.

Fikiria mtoto aliyetumwa mandazi asubuhi. Anafika, mafuta ndiyo kwanza yanapata moto. Anarudi nyumbani, anatumwa tena. "Yameiva?" "Bado." Anarudi, anatumwa tena. Kurasa nyingi za zamani zilifanya hivyo hivyo, na hesabu yake inatia huruma: ukurasa unaouliza kila baada ya sekunde 2 kwa dakika 90 hupiga hodi mara 2,700, na mechi ikiisha kwa bao moja, ni jibu moja tu lililokuwa na habari. Kila hodi hubeba vichwa vyake, yaani jina la kivinjari, vidakuzi, lugha unayopendelea, na jibu nalo huja na vya kwake. Tukikadiria baiti 700 kwa kwenda na kurudi, bando lako limelipia karibu megabaiti 2 za "bado, bado, bado".

Watu wakapata akili. Muuza mandazi akamwambia mtoto, "Kaa hapo kwenye benchi, yakiiva nitakupa." Seva inapokea ombi lakini hailijibu, inalishikilia. Bao likiingia ndipo inajibu, kivinjari kinachukua habari na papo hapo kinapiga hodi nyingine na kurudi kukaa. Mwaka 2006 Alex Russell alizipa mbinu za namna hii jina la Comet. Waandika programu huiita long polling. Mimi hapa nitaiita benchi tu.

Kisha ikaja WebSocket, ambayo kiwango chake, RFC 6455, kilitoka Desemba 2011. Hii ni simu iliyopigwa na isiyokatwa. Kivinjari kinaanza kwa ombi la HTTP la kawaida lenye neno Upgrade, seva inajibu kwa namba 101, na kuanzia hapo hawazungumzi tena HTTP: yeyote kati yao anasema wakati anaotaka. Ujumbe mfupi kutoka kwenye seva hubeba kichwa cha baiti 2 tu. Kutoka kwenye kivinjari ni baiti 6, kwa kuwa kila kinachotoka huko huvishwa kinyago cha baiti 4 za kubahatisha. Kinyago hicho kina historia yake. Mwishoni mwa 2010 ilionyeshwa kwamba rasimu ya WebSocket ya wakati ule ingeweza kutumika kuhadaa baadhi ya proksi, yaani kompyuta zinazopitisha maombi katikati ya njia, na kuchafua nakala za kurasa zinazoziweka akiba, hata Firefox na Opera wakaizima kwanza. Ukichanganya kila ujumbe na namba zisizotabirika, mtu mbaya hawezi kupanga ni baiti zipi zitaonekana njiani.

Ungedhani hadithi imekwisha. Kumbe tabu ndiyo kwanza inaanza, na hapa ndipo maktaba ya Socket.IO inapoingia.

Guillermo Rauch, kijana wa Argentina, aliiandika mwaka 2010 juu ya Node.js, programu ya kuendeshea JavaScript kwenye seva, ambayo Ryan Dahl alikuwa ameitoa mwaka mmoja kabla. Ina nusu mbili, moja inakaa kwenye seva na nyingine kwenye kivinjari. Wengi wanaofundisha husema "Socket.IO ni WebSocket". Siyo, na kosa hili huwapotezea wanafunzi siku nzima. Chukua programu inayojua WebSocket tupu, ielekeze kwenye seva ya Socket.IO: hawataelewana. WebSocket ni waya. Socket.IO ni taratibu za mazungumzo zinazopita juu ya waya huo, na zinazoweza kuishi hata waya ukikosekana.

Siku zile kukosekana ilikuwa kawaida. Internet Explorer ilipata WebSocket kwenye toleo la 10 tu, mwaka 2012. Kwa hiyo matoleo ya mwanzo ya Socket.IO yalijaribu njia nzuri kwanza. Ikigoma, yanashuka kwenye mbovu, hadi yakute inayopita. Ndivyo na mimi ningefanya. Toleo la 1.0, mwaka 2014, likageuza mpango huo juu chini: linaanza na benchi, njia ya kizee, halafu ndipo linapanda kwenye waya. Mpaka leo, usipoliagiza vinginevyo, ndivyo linavyofanya.

Kwa nini uanze na njia mbovu wakati nzuri ipo? Kwa sababu ya namna nzuri inavyoshindwa. Proksi ya ofisini, ukuta wa moto (firewall), programu ya kukinga virusi: mara nyingi hivi havikatai kwa sauti. Vinapokea na kunyamaza. Kivinjari kinakaa kinasubiri jibu, na sekunde 10 au zaidi zinaweza kupita kabla hakijakata tamaa. Wakati huo mtu anatazama ukurasa mtupu, na mtu anayetazama ukurasa mtupu huondoka. Benchi ni HTTP ya kila siku. Panapopita tovuti, nayo inapita. Unapata matokeo yako mara moja, na maktaba inajaribu waya kimyakimya nyuma ya pazia. Waya ukikubali, unahamishwa bila kujua. Ukikataa, hakuna kilichoharibika.

Haya yanaonekana kwa macho. Kwenye kompyuta, fungua tovuti inayotumia Socket.IO, bonyeza F12, nenda sehemu ya mtandao (Network). Jibu la kwanza huanza hivi:

0{"sid":"...","upgrades":["websocket"],"pingInterval":25000,"pingTimeout":20000

Sifuri maana yake "tumefungua". Sid ni namba ya utambulisho wako, na upgrades ni seva ikikudokeza kwamba waya upo ukiutaka. Muda mfupi baadaye, kwenye waya wenyewe, kivinjari kinatuma 2probe, seva inarudisha 3probe, kivinjari kinamalizia na 5: tumehama. Bao likiingia utaona kitu kama 42["bao","1-0"]. Hiyo 4 inasema "huu ni ujumbe", 2 inasema "ni tukio", na jina la tukio amelichagua mwandika programu. Upande wa seva aliandika mstari mmoja:

io.to("mechi-7").emit("bao", "1-0")

"mechi-7" ni chumba. Seva inamjua nani yuko chumbani na inawagawia wote, bila kumsumbua anayefuatilia mechi nyingine.

Baada ya hapo tulia, usiguse kitu. Kila sekunde 25 itapita 2 kutoka kwenye seva, na 3 itarudi. Ni "upo?" na "nipo" ya watu wawili wanaoongea kwenye laini mbovu. Laini iliyonyamaza sana hukatwa na walio katikati. Nginx, kwa mfano, programu inayowekwa mbele ya seva kupitisha maombi, ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, hukata baada ya sekunde 60 za ukimya. Kwa dakika 90, upo-nipo hizo ni 216. Kila jozi ni baiti 10 kwenye waya, 3 za kushuka na 7 za kupanda, yaani takriban kilobaiti 2 kwa mechi nzima, ukiacha gharama za tabaka za chini. Linganisha na yule mtoto wa mandazi.

Ila jumlisha zile namba mbili, 25 na 20. Daladala ikiingia mahali pasipo mtandao mara tu baada ya "upo" kufika, inaweza kupita hadi sekunde 45 kabla simu haijatambua kwamba imekatika. Siku hizi nikiona alama ya kijani ya "yuko hewani" kwenye programu yoyote, siiamini sana.

Ikishatambua, inajaribu kurudi yenyewe. Jaribio la kwanza huja kati ya nusu sekunde na sekunde moja na nusu, la pili kati ya sekunde 1 na 3, kisha subira inaongezeka mpaka sekunde 5. Kubahatisha huko kumekusudiwa. Seva yenye watu 10,000 ikizimika na kuwaka, wote wakirudi kwa sekunde ileile, wataiangusha tena, kama abiria wanaogombea mlango mmoja wa daladala jioni.

Kuna lililoniumiza mwenyewe. Nilimtengenezea mteja mmoja ukurasa wa kuonyesha foleni. Kwenye kompyuta yangu ulitembea bila kigugumizi. Tukauweka kwenye seva mbili zenye kigawa mzigo mbele yake, yaani kinachogawa maombi kati ya seva hizo, na watu wakaanza kuunganishwa na kukatika, kuunganishwa na kukatika. Kwenye F12 kulikuwa na jibu la 400 lenye maneno "Session ID unknown". Ilinichukua usiku mzima kuelewa. Benchi si ombi moja, ni maombi mengi yanayofuatana. La kwanza liliangukia seva A, la pili likapelekwa B, na B ikaona sid isiyoifahamu. Mtoto amekalishwa na mama huyu, anakwenda kudai mandazi kwa mama wa pili. Dawa ni kigawa mzigo kimkumbuke kila mtu na kumrudisha seva ileile. Nilipomaliza hilo nikakuta vyumba navyo vimegawanyika, waliokuwa A hawasikii yanayotangazwa B, mpaka tukaweka katikati Redis, hifadhidata inayofanya kazi ndani ya kumbukumbu, ya kupitisha matangazo.

Na lipo jambo moja ambalo maktaba haikuahidi kamwe, ingawa wengi hudhani imeahidi. Ujumbe hufika kwa mpangilio uliotumwa, lakini hufika mara moja au haufiki kabisa. Bao likiingia wakati daladala iko gizani, seva inatangaza chumbani, wewe haupo, imepita. Tangu toleo la 4.6, mwaka 2023, unaweza kuwasha kipengele cha kumrejeshea aliyekatika kwa muda mfupi yale yaliyompita, lakini hakiji kimewashwa, na hata kikiwashwa hakifaulu kila mara. Kwa hiyo ukurasa ulioandikwa vizuri, ukirudi hewani, hausubiri tangazo lijalo. Unapiga hodi kwa HTTP ileile ya tangu zamani na kuuliza: ni ngapi sasa?